Kifungo cha Mwisho

Najua mikono. Miaka ishirini na saba
nilikaa kibarazani pale Double Road,
cherehani ya miguu, chaki nyuma ya sikio,
nikipima viuno vya mabibi harusi wa Marangu
bila kuwagusa zaidi ya ilivyopasa.
Mkono wa haraka nautambua kabla haujanifikia:
unavuta shuka kama anayefunua sufuria,
unaniita "bibi", na jina langu ni Ndeanasia.

Upande wangu wa kulia ulilala asubuhi moja ya Julai
na haujaamka. Ulimi nao ukaanza kuburuta mguu.
Ndipo nikaletwa hapa Rau,
watu saba, mabafu mawili, kamba moja ya nguo,
na karatasi ukutani yenye visanduku:
Ameoga. Amekula. Amebadilishwa.
Amebadilishwa! Kama balbu.

Mama Shose si mtu mbaya. Ana sisi saba,
ana mgongo, ana mshahara wa tarehe ya kubahatisha.
Ananimwagia maji kichwani ningali natafuta pumzi,
mlango wazi, muuza mkaa yuko uani
anahesabu magunia, na mimi ananihesabu humo humo.
Kisha ananivika gauni la Kundaeli wa chumba cha nne
maana ndilo lililokauka.
Nguo ya kuazima, wanasema, haisitiri matako.
Ya kwangu yatakupa ushahidi.

Aikande alikuja mwezi wa baridi, mlima umejifunika wiki nzima.
Alibisha hodi.
Nikaitafuta "karibu" mdomoni
kama sindano iliyoangukia kwenye mkeka.
Alingoja nje mpaka nikaiokota.
Umeme ulikatika, maji akayachemsha jikoni,
akayajaribu kwa kiwiko chake, kisha kwa kiganja changu,
kile cha kushoto, kinachosikia.
"Tuanze wapi, mama Ndeanasia? Uso au miguu?"

Miaka miwili sijaulizwa tuanze wapi.
Nililia kidogo. Akasema sabuni inawasha,
tukakubaliana ni sabuni.

Kanga moja mabegani, nyingine mapajani;
alifunua palipooshwa tu, akafunika, akasogea,
kama unavyoshona pindo refu la hariri:
unachoshona kiko mkononi,
kilichobaki kimekunjwa, hakioni vumbi.
Chini ya matiti alikausha taratibu.
Huko ndiko ngozi huchubuka, na wenye haraka hawafiki.

Alhamisi akaja dada wa ustawi wa jamii na fomu yake.
"Bibi huyu anaogeshwa mara ngapi?"
Alimuuliza Aikande, mimi nikiwa katikati yao.
"Muulize mwenyewe. Ila umngoje."
Akangoja. Kalamu ikagonga meza.
Nje mtu alipatana bei ya ndizi, akalipa, akaondoka.
"M... mlango," nikasema.
"Anasemaje?"
"Mlango. U-fungwe."
Akaigeuza fomu, mbele, nyuma.
Hapakuwa na kisanduku cha mlango.
Akaandika pembeni, herufi ndogo za siafu.
Sijui zilitambaa mpaka wapi.

Jumapili ilikuwa zamu ya Mama Shose.
Mlango aliufunga nusu.
Mimi ni fundi: nusu nayo ni kipimo.

Gauni langu la kitenge nililishona mwenyewe,
kila mshono mara mbili, vifungo sita mbele.
Aikande hufunga vitano.
Cha sita ananiachia, anaketi kuchambua mchele.
Mkono wa kushoto haukusomea kazi hii;
tundu linakimbia, chai inashika utando.
Mwenye huruma angenimalizia upesi,
na hapo ndipo kingekuwa kifungo kweli.

Jana dakika kumi. Leo kumi na nne.
Hakuinua macho kwenye ungo.